Kupiga Picha Maisha ya Jamii za Asili za Pwani na Maji Yao: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu yafuatayo yanamlenga mpiga picha anayekusudia kuingia katika pwani, mito na hori ambako jamii za asili zimeishi kwa kuyategemea maji tangu zamani, na ambaye angependa kurudi na picha njema bila kuwaachia wenyeji majuto. Masuala ya ufundi yamo, lakini hayakutangulizwa, kwa sababu picha nyingi mbaya za maisha haya huwa zimekwisha kuharibika kabla kamera haijatolewa mfukoni.

Jamii za asili za pwani zina tofauti gani na wavuvi wengine mbele ya kamera?

Kwa upande wa mwanga na mpangilio wa picha, hazina tofauti yoyote. Tofauti iko katika haki na katika kumbukumbu. Watu kama Wahaida, Watlingit na Wamakah wa kaskazini-magharibi mwa Amerika Kaskazini, Wayolngu wa kaskazini mwa Australia, Wamaori wa New Zealand au Wamoken wa Bahari ya Andaman hawayachukulii maji kuwa mahali pa kutafutia riziki tu. Kwao maji ni nchi yenye mipaka, majina, nasaba na wajibu, ingawa ramani za serikali mara nyingi huonyesha hapo buluu tupu. Azimio la Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wa Asili, lililopitishwa tarehe 13 Septemba 2007, linataja katika ibara ya 25 uhusiano wa kiroho walio nao watu hawa na ardhi, maji na bahari za pwani zao, na katika ibara ya 31 linatambua haki yao ya kuutunza na kuusimamia urithi wa utamaduni na maarifa yao. Mpiga picha hatashtakiwa kwa kuvunja azimio hilo, lakini akilisoma kabla ya safari ataelewa kwa nini mwenyeji humuuliza maswali ambayo hakuyatarajia.

Kumbukumbu inayotajwa hapa ni ipi?

Ni kumbukumbu ya kupigwa picha na wageni walioamini kwamba wanapiga picha za watu wanaokaribia kutoweka. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Edward Curtis wa Marekani, ambaye kati ya 1907 na 1930 alichapisha juzuu 20 za picha na maelezo kuhusu jamii za asili za Amerika Kaskazini. Miongoni mwa watu wa mwanzo aliowapiga picha mjini Seattle, katika miaka ya 1890, alikuwamo Kikisoblu, binti wa Chifu Seattle aliyekuwa amezeeka na aliyejipatia riziki kwa kuchimba kombe, yaani samakigamba wa mchangani, na kufua nguo. Curtis mwenyewe alisimulia kwamba alimlipa dola moja kwa kila picha. Katika picha moja ya 1910, iliyopigwa ndani ya hema la Wapiegan, jamii ya asili ya tambarare za bara, saa iliyokuwa katikati ya wazee wawili ilifutwa ili pasionekane kitu cha kisasa. Na katika filamu aliyoitengeneza na watu wa Kwakwaka'wakw wa pwani ya British Columbia, iliyotoka 1914, waigizaji walivaa nywele za bandia na mavazi ya magome ya mwerezi yaliyotengenezwa kwa ajili ya kamera.

Si haki kuishia hapo. Wazao wa watu hao leo huzitumia picha na filamu hizo kutazama sura za mababu zao, umbo la mitumbwi mikubwa na mwendo wa wacheza ngoma, na wenyeji walioshiriki, hasa George Hunt aliyekuwa mshauri na mkalimani wa Curtis, hawakuwa watu waliodanganywa tu. Hata hivyo, kazi hiyo iliwafundisha watazamaji wa dunia nzima kutafuta mtu wa asili asiye na saa, na mazoea hayo hayajatutoka.

Ndiyo maana nashauri kila anayetazama picha za Curtis azitafute pia za Benjamin Haldane, mpiga picha wa jamii ya asili ya Watsimshian, aliyefungua studio yake huko Metlakatla, Alaska, mwaka 1899. Haldane alikuwa pia mwanamuziki, na watu wake wanaonekana katika suti, katika sare za bendi na katika mavazi ya koo zao, kama walivyotaka wenyewe kuonekana. Picha za wapiga picha hao wawili ni za pwani moja na karibu za wakati mmoja, lakini ukiziweka pamoja utadhani zimetoka katika dunia mbili.

Je, niondoe injini ya mashua, simu na makoti ya plastiki ili picha ionekane ya asili?

Hapana. Mvuvi wa asili aliyefunga injini nyuma ya chombo chake hajapunguza uasili wake, kama mkulima hapunguzi ukulima wake kwa kuvaa viatu vya mpira. Ukiifuta injini umerudia kosa la saa ile ya 1910. Tena injini hiyo mara nyingi ndiyo habari yenyewe, kwa kuwa huonyesha umbali ambao watu wanalazimika kwenda siku hizi kuwafuata samaki.

Ruhusa inaombwa kwa nani?

Inaombwa kwa ngazi zaidi ya moja, na wageni wengi hukosea hapa wakidhani kwamba mtu aliyetabasamu mbele ya lenzi amemaliza jambo lote. Yuko mtu anayepigwa picha. Iko familia au ukoo wenye mtumbwi, nembo, wimbo au eneo la kuvulia linaloonekana nyuma yake. Liko baraza au ofisi ya jamii, ambayo katika maeneo mengi ina taratibu zilizoandikwa kwa ajili ya watafiti, waandishi na wapiga picha. Kijana anaweza kukubali kwa moyo mweupe upige picha nembo ya ukoo iliyochorwa kwenye omo ya mtumbwi, kumbe nembo hiyo si yake kuitolea idhini.

Namna nzuri ya kuuelewa utaratibu huu ni kutazama safari za mitumbwi za pwani ya kaskazini-magharibi, zilizofufuliwa mwaka 1989 kwa safari ya kwenda Seattle. Mitumbwi inapofika kwa wenyeji haipandi ufuoni moja kwa moja. Hukaa majini, msemaji husimama, hutaja watu wake na walikotoka, kisha huomba ruhusa ya kushuka. Wenyeji waliosimama nchi kavu humjibu na kuwakaribisha. Wapiga makafi wamekwisha kuchoka, pengine kwa siku nyingi za bahari, na bado wanangoja. Mpiga picha anayeshuka garini na kuanza kubofya kabla hata hajajitambulisha huku ombi hilo likiendelea mbele yake hajaelewa anachokitazama. (Wala asiuite mtumbwi huo boti. Katika safari hizo, mara nyingi anayeteleza ulimi namna hiyo hutakiwa kujitosa majini.)

Idhini isiwe ya mara moja tu. Iombe kabla ya kupiga, uirudie baada ya kuwaonyesha picha zilizochaguliwa, na uombe tena kila matumizi yanapobadilika. Mtu aliyekubali picha yake itundikwe kwenye maonyesho hajakubali iuzwe kwa kampuni ya utalii.

Ufuo si mali ya umma? Nani atanizuia nikisimama pale maji yanapopwa?

Inategemea ufuo wenyewe. Nchini Australia, tarehe 30 Julai 2008, Mahakama Kuu iliamua katika kesi ya Blue Mud Bay kwamba maji yanayofunika eneo la kujaa na kupwa juu ya ardhi ya Waaborijini katika jimbo la Northern Territory hayawezi kuingiwa bila idhini ya wenye ardhi hiyo, na uamuzi huo uligusa takriban asilimia 80 ya pwani ya jimbo hilo. Chanzo chake kinamhusu sana msanii wa picha. Katika miaka ya 1990 mzee wa Kiyolngu, Djambawa Marawili, alikuta kichwa cha mamba kilichokatwa kwenye kambi ya wavuvi walioingia bila ruhusa mahali patakatifu. Wayolngu walijibu kwa kuchora michoro 80 kwenye magome ya miti, inayoonyesha nasaba na sheria za maji yao ya chumvi. Leo michoro hiyo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya bahari la taifa mjini Sydney, na ilisaidia kuieleza dunia madai ambayo baadaye mahakama iliyakubali.

Kwa hiyo kabla ya safari uliza ofisi inayosimamia ardhi ya jamii husika, si ofisi ya utalii peke yake. Na hata pale sheria inapokuruhusu kusimama, adabu inaweza kukutaka uondoke.

Kwa nini baadhi ya ngoma na sherehe hazipigwi picha, hata wageni wanapokaribishwa kuzitazama?

Sababu hutofautiana. Kuna mambo ambayo ni mali ya ukoo, kuna yaliyo ya ibada, na kuna yanayotakiwa yabaki machoni mwa waliohudhuria kwa kuwa kushuhudia ni wajibu wa aliyealikwa. Ipo pia sababu ya uchungu. Canada iliipiga marufuku potlatch, sherehe kuu ya kugawa mali na kuthibitisha vyeo na majina, tangu 1885 hadi 1951. Baada ya potlatch iliyofanywa na Dan Cranmer, chifu wa Kwakwaka'wakw, mwaka 1921, watu walikamatwa na baadhi yao kufungwa, na vinyago na mavazi ya sherehe vikachukuliwa, vikapangwa ukumbini huko Alert Bay, British Columbia, na kupigwa picha kabla ya kusambazwa kwenye makumbusho na kwa wanunuzi. Sehemu ya vitu hivyo ilirudi baada ya miongo mingi, na kituo cha U'mista kilichofunguliwa Alert Bay mwaka 1980 kilijengwa ili kuvipokea. Mtu ambaye bibi yake alivuliwa kinyago, kisha kinyago kikapigwa picha kama kithibiti, hana deni la kumweleza mgeni kwa nini leo anasema hapana.

Unapoambiwa uifunike lenzi, ifunike, keti, utazame. Usipige kwa simu kwa siri, wala usibaki umeishika kamera mapajani ukingoja wasahau.

Je, picha ya maji matupu, isiyo na mtu, inahitaji ruhusa pia?

Mara nyingine inahitaji kuliko picha ya mtu. Mto Elwha, katika jimbo la Washington, ulizibwa kwa mabwawa mawili tangu mwanzoni mwa karne ya 20, hadi mabwawa hayo yalipobomolewa kati ya 2011 na 2014. Maji ya bwawa yaliposhuka, watu wa Lower Elwha Klallam walipaona tena mahali ambapo masimulizi yao yanasema ndipo walipoumbwa, mahali palipokuwa chini ya maji kwa takriban karne nzima. Kwa mpita njia huo ni mwamba kando ya mto. Ndiyo hatari ya picha ya mandhari, kwamba huweza kubeba siri ya watu bila mpiga picha kujua.

Kule New Zealand, sheria ya 2017 iliutambua mto Whanganui kuwa nafsi yenye haki mbele ya sheria, ikifuata imani ya Wamaori wa huko ambao husema, "Mimi ni mto, na mto ni mimi." Sheria hiyo haikukatazi kuupiga picha. Inakukumbusha kwamba unapoomba ruhusa ya kumpiga picha mtu wa mto huo na kuuacha mto wenyewe bila kuutaja, umeomba nusu.

Kwa vitendo, zima kihifadhi cha mahali (GPS) katika kamera na simu kabla ya kuingia, na kabla ya kuchapisha hakikisha faili hazibebi alama za ramani. Usitaje jina la hori, chemchemi au jabali ambalo wenyeji hawakulitaja hadharani. Sehemu za mazalia ya samaki na za kuchimbia kombe zina thamani ya fedha, na picha moja yenye alama ya mahali inaweza kuwaletea wavamizi msimu unaofuata.

Niende wakati gani wa siku na wa mwezi?

Anza na maji, halafu jua. Bamvua huja karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na wakati huo maji hupwa mbali kuliko kawaida. Maji mafu, ambayo hujaa na kupwa kidogo tu, huja katikati yake. Kazi nyingi za ufuoni, kama kuchimba kombe, kukusanya mwani na kukarabati mitego ya mawe, hufanywa maji yakiwa yamepwa kabisa, na dirisha hilo huwa fupi. Kupwa huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku, hivyo ukipekua jedwali la maji utaweza kuchagua siku ambazo maji ya chini kabisa yanakutana na mwanga wa alfajiri au wa magharibi.

Kuna vitu ambavyo bila bamvua huvioni kamwe. Katika pwani za British Columbia na Washington kuna kuta za mawe zilizojengwa kwa mikono kwenye ukingo wa maji ya chini ili kutengeneza vitalu bapa ambamo kombe hustawi. Kuta zilizochunguzwa katika kisiwa cha Quadra zimeonekana kuwa na umri wa angalau miaka 3,500. Mwaka 2022 Waswinomish wa Washington walijenga ukuta mpya wa namna hiyo, na kwa maoni yangu picha ya mikono ya kijana ikipanga jiwe jipya inaeleza mengi kuliko machweo kumi ya jua. Piga ukuta kutoka chini, karibu na usawa wa mawe, mwanga ukiwa umelala ubavuni, kwani ukisimama wima adhuhuri utaona rundo la mawe tu.

Kwa nini nyuso zinatoka nyeusi na maji meupe?

Kamera hupima mwanga wa jumla, na maji yanayometa huidanganya iamini kwamba pana mwanga mwingi mno. Pima mwanga wa uso, au ongeza kipimo kidogo huku ukichunga mimeto ya maji isipotee yote. Pale jua linapokuwa nyuma ya mtu, kubali kivuli au sogea. Taa ya fleshi majini huwasumbua wapiga makafi na mara nyingi haisaidii kwa umbali ule.

Kichujio cha polaraizi huondoa mng'ao na kukuwezesha kuona mwani, mchanga na samaki chini ya maji. Hufanya kazi vizuri zaidi lenzi inapoyainamia maji kwa pembe ya takriban digrii 37 kutoka usawa wake. Usikiache kwenye lenzi siku nzima, kwa kuwa hula mwanga, na pengine mng'ao ule ndio uliokuwa uzuri wa picha. Chini ya maji, rangi nyekundu hupotea kwanza, hivyo kaa karibu na uso wa maji au uende na taa.

Nikipewa nafasi ndani ya mtumbwi, nifanye nini?

Kaa ulipoambiwa ukae. Uzito wako umekwisha kupigiwa hesabu, na ukisimama ili upate pembe nzuri unahatarisha watu wote. Vaa jaketi la kuokolea maisha, funga kamera kwa kamba mwilini, uchukue lenzi moja au mbili tu, kwa kuwa kubadilisha lenzi katikati ya marasharasha ya maji ya chumvi ni kuiua kamera. Kwa makafi yanayorusha matone, kasi ya shata ya 1/1000 huyagandisha. Kwa kuonyesha mwendo, jaribu 1/15 ukimfuata mpiga kafi mmoja kwa lenzi. Jioni futa kamera kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha kikavu, kabla chumvi haijakauka. Na ukipewa kafi, weka kamera mfukoni na upige kafi.

Je, droni inafaa?

Kwa nadra. Huwatisha ndege na mamalia wa baharini, huonyesha nyua na makaburi ya watu kutoka juu, na haiwezi kuomba ruhusa mtu mmoja mmoja. Itumie pale ambapo baraza la jamii limeiomba, kwa mfano kurekodi mmomonyoko wa ufuo.

Nawezaje kupiga picha za uwindaji na uchinjaji?

Kwa kukaa na jambo lote tangu maandalizi hadi mgawo wa nyama, au kutokupiga kabisa. Tarehe 17 Mei 1999 Wamakah, ambao haki yao ya kuvua nyangumi imeandikwa katika mkataba wa 1855, walimvua nyangumi wa kijivu kwa mara ya kwanza baada ya takriban miaka 70, kwa kuwa walikuwa wameacha wenyewe katika miaka ya 1920 nyangumi walipopungua. Helikopta za televisheni zilirusha tukio hilo moja kwa moja. Watazamaji waliona damu, lakini hawakuona maombi, mafunzo ya wapiga makafi wala karamu, na vitisho na matusi yaliyofuata yaliwaangukia hata watoto wa shule. Kila fremu iliyorushwa ilikuwa ya kweli, na kwa pamoja zilisema uongo.

Nilipe?

Ndiyo, ikiwa kazi yako inakulipa, au ikiwa umemtoa mtu kwenye kazi yake. Kiasi na njia ya kulipa vijadiliwe mapema na jamii, maana wengine hupendelea mchango wa pamoja kuliko fedha mkononi. Malipo hayanunui haki ya kutumia picha milele.

Mtu niliyempiga picha akifariki?

Wasiliana na familia kabla ya kuionyesha picha tena. Katika jamii nyingi za Waaborijini na za visiwa vya Torres Strait, jina na sura ya marehemu huwekwa kando kwa muda, na ndiyo sababu vipindi vingi vya televisheni vya Australia vyenye picha za watu hao huanza na onyo kwa watazamaji. Weka orodha ya kila uliyempiga, familia yake na mahali picha zilipokwenda, ili ukiombwa kuziondoa uweze kweli kuziondoa.

Picha ni mali ya nani mwishoni?

Sheria za nchi nyingi humpa hakimiliki aliyebofya. Makubaliano ya maandishi yanaweza kuigawa haki hiyo, na nashauri yaandikwe kabla ya safari, katika lugha ambayo pande zote zinaielewa. Taasisi ya Local Contexts, iliyoanzishwa 2010, imetengeneza alama ambazo jamii huziambatisha kwenye picha kueleza, kwa mfano, kwamba hazipaswi kuonyeshwa nje ya msimu fulani au zisitumiwe kibiashara.

Rudisha nakala zenye ubora kamili, zilizochapishwa na za kidijitali, kwa watu na kwa hifadhi yao ya kumbukumbu. Andika majina ya watu kama wanavyoyaandika wao, jina la mtumbwi, jina la mahali wakikuruhusu, tarehe na hali ya maji. Picha nyingi za zamani ziliandikwa tu "mwanamke akichimba kombe", na leo wajukuu zake huzizungusha mezani wakiuliza huyu ni nani.